Foleni ya Korosho

Nilifika Nachingwea na sanduku moja, godoro la sufi lililofungwa kamba, na barua iliyosema nitafundisha hesabu. Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekua nikivaa sweta asubuhi. Nilipoteremka kwenye basi na joto likanipiga usoni, nilidhani nimesimama karibu na injini. Basi likaondoka, joto likabaki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sabuni ilikuwa habari ya kunong'onezana, na mwalimu aliyepata sukari alialika wenzake chai kama anayealika harusi. Shule ilinipa chumba na nusu, ubao wenye ufa, na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu ambao walizungumza Kiswahili darasani, na wakitoka nje walirudia Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua, kila mtu na wenzake. Mimi niliambulia vicheko tu.

Mwezi wa tatu malaria ikanikamata. Nilikwenda hospitali, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya daktari, mlango ukiwa wazi. Ndani alikuwepo mwanamume mrefu, mtu wa Musoma, ameinamia kalenda kubwa ya ukutani aliyoitandaza mezani. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena, huku akijigombeza kwa sauti. "Haiwezekani. Haiwezekani. Sasa inawezekanaje?"

Aliponiona akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Hesabu?" Akavuta kiti. "Njoo hapa, Mwalimu. Malaria yako itatibiwa, lakini kwanza niangalizie hii."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya dawa, nikiwa na homa, kabla hata sijatobolewa kidole.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na kidonge kipya cha kichocho. Kilikwisha kujaribiwa kwingine kwa watu wachache wenye afya, kikaonekana hakina madhara makubwa. Sasa ilibaki kujua kama kinaponya kweli, tena huku ambako ugonjwa wenyewe upo, ambako watoto wanaoga mabwawani na kukojoa damu huonekana jambo la kawaida la kukua. Daktari alipewa vituo vitatu: Mkotokuyana, Mnero, na upande wa Mbwemkuru huko Ruangwa, ambako siku hizo kulikuwa bado ni sehemu ya wilaya yetu. Kila atakayejitolea angeelezwa, angepimwa, angepewa kidonge na kuangaliwa kwa saa kadhaa, kisha angerudi baada ya wiki chache kupimwa tena. Yote yamalizike kabla ya mvua, maana mvua ikianza barabara inakatika na watu wote wako shambani.

Makao makuu Dar es Salaam walikuwa wamemwambia wanaweza kumwongezea kitu kimoja tu: gari la pili, au muuguzi wa pili, au hadubini ya pili pamoja na mtu wa kuitazamia. Achague, aandike barua kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mimi nataka gari," alisema. "Lakini kila nikipanga siku, hazitoshi, na sioni zinapopotelea."

Nikatazama kalenda. Alikuwa ameandika kila siku watu arobaini, na chini yake kwamba mpimaji anaweza kutazama sampuli arobaini.

"Wakija ishirini Jumatatu na sitini Jumanne?"

"Wastani ni arobaini."

"Wastani haupangi foleni, Daktari. Watu ndio wanaopanga foleni."

Aliweka penseli chini. Kisha akaita mtu anitoboe kidole.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa bado na mdomo mchungu wa klorokwini, nilikwenda kwake na karatasi ya manila, korosho za kukaanga nilizonunua kwa kina mama wa sokoni, na dado. Dado nililiazima kwa mwenye duka jirani yangu, mtu wa Kilwa, aliyekuwa akicheza ludo na wenzake mbele ya duka.

"Mwalimu, umeanza kamari?" aliniuliza.

"Ni kazi ya serikali."

Alilitoa haraka sana, wala hakuuliza litarudi lini.

Nilichofanya hakikuwa elimu kubwa. Nilikuwa nimekisoma chuoni, ukurasa mmoja au miwili: kama kazi ina mambo ya kubahatisha ndani yake, iigize kwanza mara nyingi uone inakwama wapi. Nikachora meza nne kwenye manila. Ya kwanza maelezo, mtu aambiwe dawa ni nini na akubali au akatae. Ya pili mizani. Ya tatu mkojo na hadubini. Ya nne vidonge na kuangaliwa. Kila korosho ni mtu mmoja. Tulirusha dado kujua wangapi wamefika katika nusu saa, tukarusha tena kujua kila mmoja amekaa muda gani kwenye meza. Daktari akasema kuna jambo moja: mayai ya kichocho huonekana vizuri kwenye mkojo wa mchana, kuanzia saa nne hadi saa nane. Anayechelewa hadi saa nane kupita, arudi kesho. Nikaandika hilo nalo.

Tukaanza. Daktari anarusha, mimi nasogeza korosho. Hata saa nzima haikupita, korosho zilikuwa zimerundikana mbele ya hadubini kama watu mbele ya duka la ushirika siku ya khanga.

"Dado hili baya," alisema.

Tulirudia. Zikarundikana tena. Tukaigiza siku ya tatu, ya nne, ya tano. Katikati ya siku ya sita nilihesabu nikaona tumepungukiwa.

"Daktari, umekula mgonjwa."

Alisimamisha taya. "Wawili," alikiri.

Nilitaka kucheka, lakini yeye alichukua penseli akaandika pembeni: waliojitoa, wawili. "Kweli watakuwepo," akasema. "Wengine watahama, wengine watachoka kuja. Lazima tuandikishe zaidi ya tunaowahitaji, na vidonge viletwe zaidi." Kuanzia hapo tukaweka kanuni ya waliojitoa, na yeye akaletewa bakuli lake la korosho za kula.

Tukaongeza pia kwamba asubuhi ya kila siku ya kazi turushe dado mara moja, na ikitoka sita basi gari limeharibika au barabara imetushinda, siku imepotea. Ilitoka sita mara nyingi kuliko tulivyopenda. Ndipo tukaelewa siku za kalenda zilikuwa zinapotelea wapi.

Kufikia Jumamosi ya pili tulikuwa na hakika: tuombe hadubini. Daktari alikuwa ameanza hata kuandika barua. Ndipo akaja Sista.

Ndivyo tulivyomwita sote, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi, mama wa Kimwera mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa uzi, ndiye angesimamia vituo vyote vitatu. Alipita kumletea daktari funguo, akatukuta tumeinamia manila. Akauliza tunacheza nini. Nilimweleza. Akavua kandambili, akaketi kwenye mkeka, akatazama siku nzima ikipita kwa korosho. Mwishowe akaweka kidole kwenye meza ya kwanza.

"Hapa mmeandika dakika ngapi?"

"Tano," nikasema. "Dado likitoka kubwa, nane."

"Bibi wa Mkotokuyana umweleze dawa ya majaribio kwa dakika tano?"

"Maelezo yameandikwa vizuri, Sista," daktari alisema. "Kiswahili chepesi."

"Chepesi kwako wewe na Mwalimu. Kiswahili yeye anakijua cha sokoni, cha bei na salamu. Ukimsomea hiyo karatasi atakuitikia eee, eee, kwa sababu wewe ni mgeni na umevaa koti jeupe. Atapiga kidole gumba. Akifika nyumbani atamwambia mwanawe amepewa vidonge na hajui vya nini." Akachukua korosho sita, akazifumbata ngumini. "Na nyie watu wenu wanakuja mmoja mmoja. Kwetu hawaji hivyo. Wanaondoka kitongojini pamoja, wanafika pamoja."

Akazimwaga zote sita kwenye meza ya kwanza.

Daktari hakufurahi. Nilikiona kichwa chake kikiinama kwenye ile barua iliyofika nusu. Lakini alikuwa mtu wa kupima mambo, siyo wa kubisha. Akamwomba Sista apime kwa saa yake huko zahanati, ni muda gani hasa unatosha kumweleza mtu hadi aweze kurudia mwenyewe alichoambiwa. Sista alirudi baada ya wiki na karatasi ya daftari. Anayejua Kiswahili vizuri, dakika kumi. Asiyejua, nusu saa na zaidi, na hapo awepo mtu wa lugha yake.

Tulipoweka muda huo, hadubini ikakaa bure. Korosho zote zilikwama mwanzoni, na saa nane ikazikuta hapo hapo, wakarudishwa kesho, kesho wakakuta wengine. Tungepewa hadubini kumi, zisingetusaidia.

"Siamini," daktari alisema. "Yaani siamini korosho."

"Basi tuigize kwa watu," nikasema.

Nilikuwa na watu. Nilikuwa na kidato cha tatu.

Mkuu wa shule aliruhusu Ijumaa nzima hadi saa nane, mradi iitwe somo. Tulipanga madawati manne uwanjani chini ya jua, kila mwanafunzi akapewa karatasi yenye umri wake, kitongoji chake na lugha ya kutumia, nami nikashika filimbi na saa. Niliwaambia waigize wagonjwa wa kawaida. Nilikosea kusema neno waigize. Mmoja alikuja akikokota mguu ambao kichocho hakihusiki nao kabisa. Mwingine alikohoa hadi akalala chini. Wasichana wawili walibebana mgongoni. Mvulana aliyepewa umri wa miaka sabini aligoma kupanda mizani akidai itamwibia kivuli.

Daktari mwenyewe alikalia dawati la maelezo. Mtu wake wa tatu alikuwa msichana mpole ambaye darasani hakunyoosha mkono hata siku moja. Wazazi wake walitoka Msumbiji, na karatasi yake ilisema bibi, Mmakua, Kiswahili kidogo. Alijifunga khanga kichwani, akapiga goti la heshima, akaketi taratibu. Daktari akaanza kumsomea. Kidonge hiki ni kipya. Eee. Kinaweza kukuumiza tumbo. Eee. Unaweza kukataa, na hakuna atakayekuchukia. Eee.

"Haya, bibi. Nimekwambia nini?"

Msichana akajibu kwa Kimakua, maneno mengi, kwa mikono na macho. Wenzake wanaoijua lugha walianguka kwa kicheko.

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

Mmoja akajikaza kutafsiri. "Anasema wewe ni kijana mzuri, Mungu akuzidishie. Lakini anauliza hiyo sabuni utaanza kuigawa saa ngapi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nilipopuliza filimbi ya saa nane, nusu ya darasa ilikuwa bado mbele ya dawati lake. Alisimama akawatazama, siyo korosho tena, vijana walioloa jasho, wengine wamekaa chini kwa kuchoka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Ningeomba gari. Ningewaleta hapa haraka, waje wasubiri."

Jumatatu aliandika barua kwamba hahitaji gari, wala muuguzi, wala hadubini. Anahitaji watu watatu wa kueleza: mmoja wa Kimwera na Kiyao, mmoja wa Kimakonde, mmoja wa Kimakua, na wiki mbili za kuwafundisha. Makao makuu walijibu kwamba wameelewa hoja, ila hakuna kifungu cha watu wa kueleza. Wamepata nafasi tatu za vibarua wa kufyeka majani. Wanaweza kuajiriwa hivyo.

Kwa hiyo watu muhimu kuliko wote katika mradi ule, mama wawili na baba mmoja, kwenye karatasi walikuwa wafyeka majani. Hawakujali. Yule baba, Mmakonde mkimya aliyewahi kuwa katekista, alisema amewahi kuitwa mengi na hili si baya. Tatizo lilikuja siku mkaguzi wa kutoka Dar es Salaam alipoingia Nachingwea bila taarifa na kusema kesho yake anakuja kuona kituo cha Mnero, pamoja na majani yaliyofyekwa. Mchana ule sote tulishika fyekeo: daktari, Sista, dereva, mpimaji, na mimi niliyekuwa likizo. Daktari alifyeka vibaya kama mtu anayefukuza nyuki. Mkaguzi alifika, akatazama uwanja, akasema vibarua wetu ni wa kuigwa.

Siku ya kwanza kabisa ilikuwa Mkotokuyana. Nilikwenda kama mshika saa. Watu walikuja kama Sista alivyosema, mafungu mafungu, na mikeka mitatu ilikuwa imetandikwa, kila mwelezaji na mkeka wake. Palikuwa na kelele za kupendeza, maswali, vicheko, watu wakisahihishana. Meza zetu nyingine zilipokea watu taratibu, mmoja mmoja, na mpimaji alitazama hadubini yake ile moja bila haraka.

Karibu saa tano mama mmoja wa makamo aliinuka kwenye mkeka wa Kimakua, akaja moja kwa moja kwa daktari, akasema kwa Kiswahili cha kukatakata, "Mimi sitaki."

Daktari akauliza, "Kwa nini, mama?"

"Nimeelewa. Tumbo linaweza kuuma. Mimi nina kazi ya mavuno, sina nafasi ya kuumwa tumbo. Nimeambiwa naweza kusema hapana."

"Ndiyo, unaweza."

"Basi hapana."

Akachukua kikapu chake akaenda. Niliona uso wa daktari ukilegea, nikajua anawaza kwamba wote watamfuata. Lakini Sista alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sijaisahau. "Daktari," alisema, "miaka yote ya kazi yangu, huyu ndiye wa kwanza kukataa dawa mbele yangu. Wengine wote walikuwa wanakubali tu."

Hawakumfuata wote. Walimfuata wachache, na waliobaki walibaki wakijua wamebaki kwa jambo gani. Nadhani ndiyo sababu walirudi kupimwa tena kwa wingi kuliko tulivyotegemea, maana mtu aliyeelewa alimkumbusha jirani yake.

Kazi iliendelea hivyo, na ilikuwa na siku zake mbaya. Daraja lililofungwa kwa ukaguzi, springi iliyovunjika, dizeli iliyochelewa. Kila balaa lilipotokea dereva alipiga kelele, "Sita!" na sote tukaitikia, kwa sababu siku za namna hiyo tulikwisha kuzitengea nafasi. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Mimi nilisubiri Jumamosi kama mwanafunzi anavyosubiri likizo.

Majibu yalikuja pole pole. Wengi walipona, wachache hawakupona, na waliopata msokoto wa tumbo na kizunguzungu waliandikwa wote, hata aliyejisingizia ili apewe kitanda. Baada ya mwaka mmoja tulipata barua kwamba kidonge kinapelekwa kwenye wilaya nyingine, kwa watu wengi zaidi, na kwamba watu wa kueleza watakuwa na kifungu chao kwenye bajeti. Daktari aliikunja barua ile akaiweka mfukoni mwa shati, na alikaa nayo humo mpaka ilipoloa jasho.

Lakini siku ninayoipenda ni ile tuliyofunga kazi kule Mbwemkuru. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Lindi, na tulikuwa na siku tatu za ziada mkononi. Mpimaji, mtu asiyesema mambo mengi, aliinua kichwa kwenye sampuli ya mwisho ya msichana mmoja wa pale, ambaye mara ya kwanza mkojo wake ulikuwa mwekundu. Akaangalia tena. Akasogea pembeni nitazame. Sikuona kitu, duara la mwanga tu.

"Sioni kitu," nilimwambia.

"Ndiyo," alisema. "Hakuna."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni na mama yake. Sista aliwaeleza kwa Kimwera, na yule mama alipiga kigelegele kilichowafanya kuku watawanyike uani. Tukapikiwa wali na samaki wa mtoni. Daktari alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Tulirudi Nachingwea mchana wa Jumatano, nyuma ya Landrover, tumejazana na masanduku, mvua ya kwanza ikitudondokea matone makubwa ya mbali mbali. Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa darasani, kidato cha pili, somo la logarithimu. Nililifundisha ovyo kabisa, nikiwa na furaha iliyopita kiasi, na wanafunzi wakaniangalia wakidhani nimechumbiwa.